Habari za Askari wa Keya na Waigao Kwata Lao

Wazee wa pande zetu za Ziwa Viktoria, tangu Ukerewe na Nasa hata Bukumbi na Misungwi, hawakulitaja jeshi la Waingereza kwa jina refu. Walisema "Keya" tu. Mtu alikwenda Keya, au alirudi kutoka Keya, au alikwenda Keya asirudi. Neno hili ni herufi tatu za Kiingereza, K na A na R, zilizotamkwa kwa kinywa chetu, nazo zasimama badala ya jina King's African Rifles, ambalo maana yake ni Bunduki za Kiafrika za Mfalme. Jeshi lenyewe halipo tena. Lilikwisha katika miaka ya 1960. Lakini mchezo wa kuliigiza, ulioanza jeshi hilo lilipokuwa changa, haukufa pamoja nalo. Hata leo wako watu wavaao sare, wajipangao mistari, wapigao tarumbeta, na kujiita kepteni na jenerali, wala hawana bunduki, wala hakuna vita.

Twataka kueleza habari za jeshi na habari za mchezo pamoja, maana kila moja yaonyesha jambo lililofichwa katika nyingine. Na wasomaji watuwie radhi tukikaa zaidi kwa mtu wa tatu, ambaye hakuwa askari wala mchezaji.

Keya iliundwa tarehe 1 Januari 1902. Waingereza walikuwa na vikosi mbalimbali, vya Nyasa, vya Uganda, vya Usomali, na vya nchi ile iitwayo Kenya sasa. Wakavitia chini ya jina moja. Jeshi likagawanywa katika batalioni, na kila batalioni katika kombania. Amri ya juu yote ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wa Keya wote pamoja hawakutimia 2,500. Ilipokwisha mwaka 1918 walikuwa zaidi ya 30,000, katika batalioni 22. Jeshi dogo la kulinda mipaka na kutisha vijiji likawa jeshi kubwa kwa muda wa miaka minne.

Upande wetu hapo kwanza haukuwa wa Keya. Mwanza ilikuwa boma la Wadachi tangu miaka ya 1890, na askari wake walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo. Vyeo vyao vilikuwa na majina yaliyotoka Misri na Uturuki: ombasha, shaushi, betshaushi, sol, na juu yao efendi. Mpaka wa Wadachi na Waingereza ulikatwa majini, katikati ya ziwa, mahali ambapo mvuvi hawezi kuuona. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta huku na huku. Mwezi Septemba mwaka 1914 kikosi kilichotoka Mwanza kilivuka mpaka na kufika Kisii, na tarehe 12 kikapigana na Keya huko. Mwaka uliofuata, tarehe 22 na 23 Juni, Waingereza walishuka Bukoba, wakauvunja mnara wa simu ya upepo, na mji ukatekwa nyara.

Zamu ya Mwanza ilikuja mwaka 1916. Katika mwezi wa Juni Waingereza walikitwaa kisiwa cha Ukerewe, wapate mahali pa kusimama karibu. Kisha mwezi wa Julai majeshi yao, chini ya Jenerali Crewe, yalivuka maji kwa meli na kushuka pwani ya mashariki ya mji. Katika majeshi hayo ilikuwamo batalioni ya nne ya Keya, iliyokuwa ya Uganda. Wadachi hawakungoja kuzungukwa. Waliondoka kwa kufuata hori ya ziwa upande wa kusini, wakashika njia ya Tabora, na Waingereza wakaingia Mwanza tarehe 14 Julai. Hivyo mji wetu ulibadili bendera bila ya vita kubwa ndani yake. Wabelgiji, waliotoka Kongo, walifika Tabora kwanza, tarehe 19 Septemba. Mkuu wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, akaendelea kukimbia na kupigana kusini, hata aliposalimisha silaha zake kule Abercorn, ambako sasa ni Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Jambo moja la miaka hiyo latustaajabisha kuliko mapigano. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya sita ya Keya, na wengi wa askari wake walikuwa wale wale waliokuwa askari wa Wadachi na kutekwa. Mtu aliyelala shaushi aliamka sajini. Mguu uliokanyaga kwa amri ya Kidachi ukajifunza kukanyaga kwa amri ya Kiingereza. Batalioni hiyo ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika baadaye. Wengine wamewalaumu watu hawa kwamba hawakuwa na uaminifu. Sisi twaona kwamba vita haikuwa yao tangu mwanzo, bali mshahara ulikuwa wao.

Sasa tuje kwa mtu wa tatu. Askari hawezi kupigana na njaa. Nchi hii wakati ule haikuwa na njia za magari. Reli ya Tabora haikufika Mwanza hata mwaka 1928. Ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o. Basi unga, risasi, mizinga ya bombom, mahema na hata viti vya maofisa, vyote vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Sisi walimu tumezoea kuwapa wanafunzi hesabu za ndizi na machungwa. Na wapewe hii.

Mpagazi huchukua mzigo wa ratili 60, yaani kadiri ya kilo 27. Chakula chake kwa siku ni ratili mbili za unga. Kutoka Mwanza hata Tabora ni zaidi ya kilomita 350. Tuseme aenda kilomita 20 kwa siku, mwendo mzuri kwa mtu mwenye mzigo. Atafika kwa siku 18, naye amekwisha kula ratili 36. Akirudi atakula ratili 36 nyingine. Jumla ni ratili 72. Mzigo wake ulikuwa ratili 60. Yaani mpagazi aliyechukua unga kutoka Mwanza kwenda Tabora na kurudi angekula mzigo wake wote, na bado angekosa chakula cha siku sita, wala askari aliye mbele asipate hata kibaba kimoja.

Mwanafunzi akiisha kufanya hesabu hiyo ataelewa mambo mawili. Kwanza, kwa nini kila askari alihitaji nyuma yake wapagazi wengi, wakipokezana mizigo kutoka kambi hata kambi. Pili, kwa nini vijiji vilivyokuwa njiani vilinyang'anywa nafaka na mifugo. Upungufu wa ratili zile ulilipwa na ghala ya mkulima. Wadachi walifanya hivyo, na Waingereza, na Wabelgiji; hatuoni tofauti kubwa kati yao katika jambo hili.

Wapagazi walikufa kuliko askari. Hawakufa kwa risasi hasa. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa, kwa baridi ya mapafu, kwa unga uliopikwa nusu baada ya mwendo wa kutwa, mvua ikinyesha na kuni zimelowa. Upande wa Waingereza peke yake, vifo vilivyoandikwa katika vitabu vyao vilipita 40,000, na wataalamu waliochunguza baadaye wamepata hesabu ipitayo 90,000. Askari alikuwa na namba, na jina lake liliandikwa katika daftari ya kombania. Wapagazi wengi waliandikwa kwa haraka, au kwa jina la jumbe aliyewatoa, au hawakuandikwa kabisa. Wengi hawakwenda kwa hiari, walikamatwa usiku.

Wala haikuwa hivyo zamani. Hapa twaomba vijana wasikilize, maana neno "mpagazi" limekuwa kama tusi. Kabla ya Wazungu kuitawala nchi, Wanyamwezi na Wasukuma walikwenda pwani na pembe kwa hiari yao na kwa ujira. Kijana aliyekwenda na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Msafara ulikuwa na ngoma, na bendera, na kirangozi aliyetangulia mbele amevaa mapambo, na nyimbo za kupunguza uzito wa mzigo. Speke alipofika Mwanza mwaka 1858 na kuliona ziwa letu, aliletwa na ujuzi wa watu wa namna hiyo. Upagazi ulikuwa kazi ya fahari, yenye adabu zake na mapatano yake. Vita ndiyo iliyoondoa hiari na ujira, ikaacha uzito tu.

Na tazameni ajabu: mwimbo wa mwendo wa Keya, uliopigwa na bendi ya jeshi siku za sherehe, uliitwa "Funga Safari". Neno hili si la askari. Kufunga safari ni kazi ya mpagazi, akazaye kamba za mzigo wake alfajiri kabla ya kuondoka. Jeshi lilichukua neno lake, likaweka juu yake tarumbeta, likatembea nalo.

Sasa mchezo. Asili yake ni pwani, Lamu na Mombasa na Malindi, kabla ya mwaka 1900. Vijana wa huko waliona bendi za manowari na za majeshi, wakaona jinsi watu wengi wanavyogeuka kwa neno moja. Wakafanya ngoma mpya yenye matari makubwa na tarumbeta, wakaiita beni, kwa maana ya bendi. Kila mji ulikuwa na pande mbili za kushindana, maana ngoma isiyo na mshindani haina ladha. Mombasa walikuwako Kingi na Skochi. Tanganyika walikuwako Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana, wenye kazi za kalamu na kanzu safi. Arinoti wengi walikuwa watu wa kazi za mikono na wageni wa mji. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, makanali, makepteni, masajini na madaktari, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Walipeana saluti, waliandikiana barua za amri, waliadhibiana kwa faini.

Wakati wa vita beni ilikwenda pamoja na majeshi yote mawili. Ilichezwa katika kambi za Wadachi na katika kambi za Keya. Mateka waliwafundisha waliowateka. Vita ilipokwisha, askari na matarishi na makarani waliichukua katika miji ya bara, Tabora na kando ya ziwa. Mara Serikali ya Kiingereza ikaingiwa na hofu. Ni nani hawa wenye majenerali katika kila mji, na barua zipitazo kutoka mji hata mji? Wakachunguza, wakaona kwamba ni ngoma.

Ilikuwa ngoma, lakini haikuwa ngoma tu. Mgeni aliyefika mji asioujua aliuliza Marini wako wapi, au Arinoti, akapata pa kulala. Aliyeugua alitazamwa. Aliyekufa mbali na kwao alizikwa kwa heshima, chama chake kikifuata jeneza kwa mistari. Wamisionari wengi hawakuipenda beni, wakawakataza Wakristo kuicheza. Hatusemi kwamba hawakuwa na sababu. Yalikuwako magomvi, na ulevi, na kijana aliyekopa mshahara wa miezi mitatu anunue koti la kuwa kepteni kwa siku moja. Lakini aliyeona koti asione mazishi aliona nusu ya jambo. Makanisani twaimba habari za kuzika wafu na kuwakaribisha wageni. Watu wa beni walikuwa wakiyafanya.

Watu hubishana tangu zamani kama beni ilikuwa kuwasujudia Wazungu au kuwacheka. Wengine walipomwona mtu mweusi amevaa kofia ya jenerali na miwani isiyo na vioo, walisema, "Huyu amesahau kwao." Wengine walisema kwamba anawadhihaki wakubwa mbele ya macho yao, nao hawajui. Kwa maoni yetu yote mawili yalikuwamo, pamoja na la tatu. Askari wa Keya aliweza kutumikia miaka ishirini asiwe kepteni. Katika beni alikuwa kepteni Jumapili mchana. Alijaribu mwilini mwake jambo alilokatazwa, akaona kwamba aliweza.

Michezo ya namna hii yafanywa duniani kote. Uingereza kiko chama kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho wanachama wake huigiza vita walivyopigana Waingereza wenyewe kwa wenyewe katika karne ya 17, mfalme na baraza lake. Marekani, maelfu ya watu hukutana katika uwanja wa Gettysburg, walikopigana mwezi Julai mwaka 1863, wakavaa sufu nzito katikati ya joto, wakafyatua bunduki zisizo na risasi, wakaanguka na kulala kama wafu, kisha wakaamka na kwenda kula. Wao hujitahidi mno kwamba kila kitu kiwe kama kilivyokuwa: kifungo, uzi, ngozi ya kiatu. Beni haikujali kifungo. Jambo la beni lilikuwa cheo na mshindani.

Watoto wa beni wako hata leo. Unguja hupigwa barabarani katika harusi, watu wakifuata tarumbeta kwa vicheko. Kando ya Ziwa Nyasa, upande wetu wa Tanzania, iko ngoma iitwayo mganda, na upande wa Malawi yaitwa malipenga. Wanaume hujipanga mistari wakiwa na nguo safi zilizopigwa pasi, wengi kaptura nyeupe, nao huenda hatua za kwata polepole, wakiinama na kusimama kwa wakati mmoja. Tarumbeta zao ni vibuyu vyenye tundu lililofunikwa kwa utando mwembamba; mtu akiimba ndani yake sauti hutoka kama ya shaba. Kila kikundi kina vyeo vyake, na kijiji kimoja hukialika kingine. Wachezaji hawa wengi hawakumwona askari wa Keya hata mmoja. Wanaigiza waigaji.

Na jeshi lenyewe? Tulipitie upesi. Katika vita ya pili, tangu mwaka 1939 hata 1945, zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walichukuliwa. Batalioni ya sita ilipigana Uhabeshi, na mahali paitwapo Colito, tarehe 19 Mei 1941, sajini wake mmoja, Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, aliuawa akipanda juu ya vifaru vya Waitaliani. Akapewa nishani ya Victoria Cross. Keya ilikwenda Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari mwaka huo meli Khedive Ismail ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, wakafa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Na tena, kama katika vita ya kwanza, wengi walioitwa askari walichukua sururu na mizigo. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 batalioni ya sita iligeuzwa jina ikawa Tanganyika Rifles. Januari 1964 askari wake waliasi, Dar es Salaam kwanza na kisha Tabora, wakitaka mishahara na maofisa wa Kiafrika. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Kambi iliyoitwa Colito sasa yaitwa Lugalo, kwa kumbukumbu ya mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wadachi mwaka 1891.

Turudi kwenye swali la mchezo. Tumetaja vyeo vya beni: mfalme, jenerali, kanali, kepteni, sajini, daktari. Msomaji mwangalifu amekwisha kuona nani hayumo. Katika vita ile wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi, na wachezaji wenyewe wa beni, hasa Arinoti, wengi walikuwa ndugu zao au wao wenyewe. Lakini hakuna aliyejivika cheo cha mpagazi. Hatuwalaumu. Mtu aliyeteremsha mzigo jana hataki kuuchukua leo katika mchezo. Lakini matokeo yake ni kwamba watoto wa watoto wamerithi kofia ya kepteni, na ule mzigo hakuna aliyeurithi.

Twayaona haya mashuleni. Walimu wakitengeneza mchezo wa vita kwa ajili ya sikukuu, watoto thelathini wataka kuwa maofisa, kumi wakubali kuwa askari, na anayepewa mzigo alia, au ni yule asiye na viatu. Na wazazi hucheka. Hawajui kwamba labda yule mtoto ndiye peke yake aliyeigiza babu ya babu yake sawasawa.

Kwetu Usukuma jambo hili lisingekuwa gumu kama tungelitaka. Sisi tuna pande mbili za ngoma tangu kabla ya beni, Bagika na Bagalu, zilizotoka kwa waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Kila mwaka katika mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, huko Bujora karibu na Kisesa, watu hukusanyika kwa Bulabo. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa yule anayewavuta watazamaji waje kwake. Padre David Clement, aliyetoka Kanada, ndiye aliyeitia sikukuu hiyo pamoja na ngoma za wenyeji, wakati ambapo wengi wa kazi yake wangali wakizikataza. Na katika ngoma zote ipendwayo sana ni bugobogobo. Wachezaji hushika majembe. Huyainua pamoja, huyarusha hewani na kuyadaka, hugeuka kwa mlio wa filimbi. Mgeni angedhani ni kwata la Keya. Si kwata, ni kulima. Ni vijana wa kijiji chini ya nsumba ntale wao, wakilima shamba la mtu kwa ngoma.

Jembe ni zito na jua ni kali, wala hakuna aonaye haya kucheza kulima. Kazi ya mikono ikichezwa na wenyewe, kwa ustadi, yawa fahari mbele ya watu wote. Na mpagazi alikuwa na ngoma yake na kirangozi wake na mwimbo wake, kabla vita haijamfanya mtumwa. Kikundi kitakachotaka kumwonyesha hakitahitaji kushona sare. Kitahitaji mizigo ya kweli ya ratili 60, ili watazamaji waone shingo zikikaza, na mwendo wa kurudi pia, ambapo watu ni wachache kuliko walivyokwenda.

Wakristo hatuna udhuru wa kusema kwamba mchukuzi wa kulazimishwa hastahili kukumbukwa. Simoni wa Kirene alikuwa mtu wa Afrika, alitoka shambani, akashikwa na askari njiani, akachukuzwa mzigo usio wake. Injili haikumwita "mpagazi mmoja". Ilitaja jina lake, na mji wake, na majina ya wanawe wawili.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari, ameshika bunduki yenye singe, mahali palipokuwa na sanamu ya Mdachi von Wissmann. Yuko peke yake. Nairobi walisimamisha sanamu za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Katika Dar es Salaam kumbukumbu ya wapagazi ni jina la soko. Kariakoo ni neno la Kiingereza Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi, waliokuwa na kambi yao hapo wakati wa vita. Na Nairobi pia liko soko la Kariokor kwa sababu iyo hiyo. Watu waenda Kariakoo kila siku kununua vitenge na mchele, nao hawajui wametaja nini.

Wale waliokwenda wenyewe wamekufa wote. Lakini wako wazee waliosimuliwa na baba zao, na mzee asiyejua mwaka hujua mvua, njaa, na jina la mtemi aliyetawala. Yafaa kila shule ya pande zetu iwe na daftari moja kwa kazi hii, na mwanafunzi akaulize maneno manne: mchukuzi aliitwa nani, alitolewa kijiji gani na nani, alichukua nini na kuufikisha wapi, alirudi? Jina na liandikwe kama mzee anavyolitamka, hata kama ni jina la utani, wala lisisahihishwe. Walimu wakiisha kujaza kurasa za kwanza na wapeleke nakala kwa mhariri, kwa herufi zinazosomeka.